Giza Lililobaki Kazini

Jina alilopewa siku ya kuzaliwa lilibaki kwenye vyeti. Mtaani wote walimwita Jicho, na jina hilo hakulipata kwa utani, alilitolea jasho. Mpe picha ya watu waliovaa mashati meupe, atakuambia lipi limefuliwa kwa buluu na lipi limefuliwa kwa sabuni tupu. Mpe picha ya mtoto anayecheka, atakuonyesha palepale shavuni penye chozi lililofutwa harakaharaka kabla kamera haijabonyezwa. Habahatishi. Akisema picha hii imezidi wekundu, basi imezidi, na ukibisha utamaliza mate yako bure.

Kazi yake ilikuwa kusafisha picha kwenye studio ya mpigapicha mmoja aliyeitwa Tabasamu, kwa sababu hilo ndilo neno alilowapigia watu kelele kabla ya kuwapiga picha. Zamani kusafisha picha kulikuwa kusafisha kweli, kwa maji na dawa, ndani ya chumba cha giza. Siku hizi picha inatoka kwenye kamera na kuingia kwenye kompyuta, Jicho anairekebisha mwanga na rangi, kisha mashine inaichapa. Maji hayahusiki hata tone. Lakini neno limebaki, na mama yake Jicho hakuacha kulichezea. Bibi huyo alikuwa haoni, miaka mingi sasa, ila mdomo wake ulikuwa mzima na una makali ya wembe. Waliishi wawili tu, maana watoto wa Jicho walikwisha kuoa na kuolewa. Kila jioni binti akifungua mlango, alipokewa kwa swali lilelile.

"Haya, leo umefua ngapi?"

"Nimefua na kuanika, mama."

"Hazikuchuja?"

"Zichuje mikononi mwangu mimi?"

Wakacheka, halafu wakala. Ndivyo siku zilivyokwenda, mpaka ilipofika siku zikachuja.

Aliyeleta habari alikuwa shangazi wa bwana harusi mmoja. Aliingia studio picha iko kwapani na hasira iko mdomoni, hata salamu aliitoa kama anayelipa faini.

"Nani hapa anasafisha picha?"

"Ni mimi, shangazi. Karibu."

"Nimeshakaribia. Hebu tazama. Huyu ni mtoto wa kaka yangu au ni gunia la unga?"

Jicho akaipokea. Ilikuwa ile picha kubwa ya familia mbili, ya kutundikwa sebuleni. Kwenye picha za namna hiyo Tabasamu alikuwa na utaratibu wake usiobadilika: upande wa bwana harusi kushoto mwa picha, upande wa bibi harusi kulia, maharusi katikati, ili asije akachanganya wakwe akazua balaa. Na kweli, upande wa kulia walikuwa wamekolea, ngozi zinameremeta, mama wa bibi harusi anapendeza utadhani yeye ndiye anayeolewa. Upande wa kushoto, toba! Bwana harusi amepauka. Baba yake amepauka. Shangazi mwenyewe, aliyesimama mwisho kabisa, alikuwa kama mtu aliyetumbukia kwenye pipa la chokaa akatolewa na kuambiwa atabasamu.

"Mimi ni mweusi, mwanangu," akasema shangazi, akijigonga kifua. "Weusi wa kung'aa. Nimeurithi kwa baba yangu na ninaupenda. Sasa nakuuliza kwa upole: umeupeleka wapi?"

"Shangazi, samahani sana, tutai..."

"Na mbona wakwe zetu hamkuwagusa? Semeni ukweli. Mmehongwa?"

Tabasamu alitoka chumba cha nyuma mbio, akamkalisha kwenye kiti, akamwapia haki ya nani hakuna aliyehongwa. Picha itarudiwa. Shangazi akasema lazima iwe ukutani kesho mchana, maana wakwe wanakuja kula, na yeye hatakula akitazamana na gunia la unga. Kesho asubuhi atakuja mwenyewe, atakaa hapohapo, na hataondoka bila uso wake. Akaenda zake.

Sasa nikuambie kilichomtia Jicho baridi. Haikuwa ile kelele. Wateja wenye kelele alikwisha kuwazoea. Ni kwamba shangazi hakuwa wa kwanza. Mwezi uliopita familia nyingine walilalamika, akaona ni matata tu ya watu waliokwisha kunywa soda za harusi wakakosa cha kufanya. Kabla ya hapo, mama mmoja alisema mwanawe wa kushoto amekuwa mweupe na wa kulia amekuwa mweusi, na hao ni mapacha. Jicho alicheka siku ile. Safari hii hakucheka. Alirudi kwenye kiti chake, akafungua picha ileile kwenye skrini, na akaona alichokuwa akikiona kila siku bila kukitilia maanani: upande wa kushoto una kivuli. Bwana harusi yuko kwenye utusitusi, kama amesimama kwenye mwanga wa jua linalozama. Ndiyo maana alimwongezea mwanga. Kwa Jicho, mtu huyo alikuwa gizani akamtoa.

Na kivuli upande wa kushoto alikifahamu kwa hadithi. Mama yake alianza hivyohivyo. Kwanza upande mmoja ukafifia, akadhani ni taa ya jikoni. Kisha ukawa utusitusi, akadhani ni moshi. Alipokwenda kutazamwa, uoni uliobaki ulikuwa mdogo, nao haukukaa. Jicho ndiye aliyekuwa akimshika mkono wakati ule, na alijiapia kimoyomoyo kwamba giza hilo likimjia yeye atalijua mapema. Kumbe limekuja na amekaa nalo miezi, analifanyia kazi, analiongezea mwanga!

Utaniuliza, kwa nini asijipime palepale? Azibe jicho moja, atazame kwa la pili, yaishe? Swali zuri, ila wewe umekaa umestarehe na macho ni yako. Yeye aliogopa. Mkono uliinuka mara mbili kwenda usoni, ukaishia kwenye kikombe cha chai. Mtu akiogopa jibu, swali lenyewe huliona refu.

Mchana wote alirudia ile picha. Akapunguza mwanga, akaogopa amepunguza mno, akaongeza. Mashine ikachapa, na unga ukatoka vilevile. Kwenye karatasi aliuona vizuri kabisa, na hilo nalo likamchanganya: akajiambia basi macho yamekuwa ya kuja na kuondoka. Tabasamu alisimama pembeni yake, maana kiti kilikuwa kimoja, akatazama skrini kwa ubavu asione cha ajabu, kwa kuwa skrini ile kuukuu ukiitazama kwa ubavu yote ni giza. Akakohoa. Alikuwa mtu mwema, na mtu mwema akiwa na neno baya hukohoa kwanza.

"Jicho, dada yangu. Sote tunazeeka. Mimi mwenyewe magoti yananiambia."

"Sema tu."

"Kesho asubuhi tuirudie mara ya mwisho. Ikigoma, nakuomba uje huku mbele, kwenye fremu. Kwenye mashine atakaa mke wangu mpaka tupate mtu."

"Kwenye fremu," akasema Jicho.

"Hata fremu zinataka jicho."

Alikusudia kumfariji, masikini. Jicho alichukua mkoba wake akatoka kabla hajamlilia mtu mbele ya picha za watu wanaocheka. Unga aliompaka bwana harusi sasa ulikuwa unataka kumwagika wa kwake.

Nyumbani aliingia bila neno. Jua lilikuwa bado lipo, ukumbi una mwanga wa kutosha. Mama yake alikuwa chumbani, redio inasema peke yake. Na Jicho akafanya jambo ambalo hata leo ukimkumbusha anajifunika uso. Alifumba macho, akaweka kiganja ukutani, akaanza kutembea kwenda jikoni. Alitaka kuzoea. Alisema moyoni, kama linakuja, lisinikute mgeni. Hatua kwa hatua, mlango wa kwanza, mlango wa pili, kisha ndoo. Ndoo hiyo aliiweka mwenyewe asubuhi. Ilibiringika na kelele ya sufuria za harusi nzima.

Redio ikazimwa.

"Nani anapapasa ukuta wangu?"

"Ni mimi, mama."

"Najua ni wewe, mwizi angekuwa na aibu zaidi. Nauliza unapapasa nini."

"Nimeteleza."

"We mtoto usinifanye mjinga. Aliyeteleza anatoa kishindo kimoja. Wewe unakuja mdogomdogo, kiganja kinakwaruza rangi. Mwendo huo ni wangu. Umefumba macho?"

Jicho akataka kukana, akaona haina maana. Akaingia chumbani, akaketi kitandani karibu na mama yake, akalia kama hajapata kuzaa wala kuozesha. Akamwambia yote: shangazi na weusi wake, mapacha, kivuli, fremu. Mama alisikiliza bila kumkatiza, jambo lisilo la kawaida yake. Vidole vyake vilishika ncha ya shuka vikaikunjakunja mpaka ikawa kamba.

Hatimaye akasema, "Hicho kivuli kiko wapi?"

"Kushoto."

"Kushoto kwa nini?"

"Kushoto kwa kioo cha kompyuta. Kushoto kwangu, mama. Kama wewe."

"Chagua moja. Kwa kioo au kwako?"

"Si ni palepale?"

"Palepale wapi!" Mama akaiachia ile shuka. "Giza langu mimi lilinifuata. Nikienda jikoni, lipo. Nikienda msalani, lipo, hata msalani halikunistahi. Nikigeuka kumtazama baba yako, nusu yake hayupo, na yule mtu alikuwa mzuri, nikaona naibiwa mchana kweupe. Sasa hebu tazama mlango huo. Upande wa kushoto upo?"

Jicho akatazama. "Upo."

"Mzima?"

"Mzima. Hata kitasa kilichochubuka nakiona."

"Nitazame mimi. Niko mzima?"

"Uko mzima, mama."

"Basi hilo lako ni giza gani, linakaa kazini jioni, wewe unarudi nyumbani? Langu halikuwa na likizo hata siku moja!"

Jicho alivuta ncha ya ile shuka. Akafuta kamasi. Moyo ukaruka, naye akaukamata haraka usije ukamdanganya. "Labda ndiyo kwanza linaanza," akasema. "Labda leo limechoka."

"Labda," akasema mama, na sauti yake ikapungua. "Nenda kaokote ndoo."

Usiku huo vitanda vyote viwili vililia kila mara, maana wenyewe walikuwa wakigeukageuka.

Asubuhi Jicho alichemsha chai, akaweka vikombe kwenye sinia lao la bati, lile lenye bonde upande mmoja kwa kuangushwa tangu enzi za baba yake. Bonde lilikuwa upande wake wa kushoto. Akaona mkono wa kikombe cha mama umetazama vibaya, akalizungusha sinia lote ili mama aupate kirahisi. Bonde likahamia kulia.

Akasimama. Akalizungusha tena. Bonde likarudi kushoto. Akalizungusha, likaenda kulia.

"Mbona chai inatembea haifiki?" akauliza mama.

"Nageuza sinia."

"Linakosa nini?"

"Halikosi kitu, mama. Halikosi kitu kabisa! Ukiligeuza, bonde linakwenda nalo."

Mama hakuelewa, naye Jicho hakungoja kueleweshana. Kikombe chake alikiacha kinatoa moshi. Njiani alitembea kwa mwendo wa mtu anayewahi hospitali, na hofu aliibeba ileile, haikupungua hata chembe, ila sasa ilikuwa na mahali pa kwenda. Leo atajua. Kivuli kikihama na kioo, ni cha kioo. Kikibaki kushoto kwake, basi ni chake, na atamwambia Tabasamu ampe hizo fremu.

Alimkuta shangazi amekwisha kaa, mkoba mapajani, kama jaji. Tabasamu naye yuko, anapanguza lenzi isiyo na vumbi.

"Kabla hatujaanza," akasema Jicho, "nisaidie kugeuza skrini."

"Uigeuze ielekee wapi?"

"Juu iwe chini."

Tabasamu akamtazama. Kisha akamtazama shangazi kwa jicho la kuomba radhi, lile la kusema mfanyakazi wetu yuko kwenye kipindi kigumu. "Jicho, dada, ukae kidogo upate maji."

"Maji baadaye. Shika huku."

Alifungua kwanza ukurasa mweupe mtupu, ukajaa skrini nzima, maana ukurasa mweupe hauna kichwa wala miguu, ukiupindua hautakudanganya. Akautazama. Kulia weupe safi. Kushoto, kivuli chake kilekile, kimejilaza kuanzia juu mpaka chini kama shuka iliyolowa pembeni. Sasa alikitazama uso kwa uso kwa mara ya kwanza. Wakaleta ule mto wa kukalishia watoto wachanga wanapopigwa picha, wakauweka mezani. Tabasamu akashika upande mmoja, yeye upande wa pili, nyaya zikavutika. Jicho akafumba macho.

"Geuza," akasema.

Wakageuza. Skrini ikatulia juu ya mto, miguu hewani, kama mende aliyelala chali.

"Tayari," akasema Tabasamu. "Haya, tunatazama nini?"

Jicho hakufumbua. Shangazi, ambaye alikuwa hajaambiwa lolote, aliinuka kitini akaja karibu, maana hakuna binadamu anayeweza kuona watu wawili wamepindua kompyuta asisogee.

"Wewe mama, unaswali au unafanya nini? Fumbua tuone."

Akafumbua.

Kushoto kulikuwa kweupe. Kweupe pee, kama shati lililotiwa buluu. Kivuli kilikuwa kulia. Kimehama! Kimehama na kioo, kimemwacha yeye kama vile hawajuani.

Sijui nikuelezeje kelele aliyoitoa. Haikuwa kilio wala kigelegele, ilikuwa vyote viwili vinagombania mlango mmoja. Muuza viatu wa jirani alichungulia dirishani akidhani pameibiwa. Jicho alimshika Tabasamu mabega akamtikisa mpaka kamera ikabembea shingoni.

"Si langu! Tabasamu, si langu! Ni la kioo!"

"Nini la kioo?"

"Giza! Giza ni la kioo!"

Ndipo akaeleza, maneno yanakanyagana. Kioo cha kompyuta hakina mwanga wake chenyewe. Nyuma yake kuna safu za vitaa vidogo vinavyokimulika, kama taa iliyowekwa nyuma ya pazia. Vikizima vyote, skrini inakuwa nyeusi na kila mtu anajua imeharibika. Lakini vikichoka vya upande mmoja, vikachoka polepole, mwezi huu kidogo na mwezi ujao kidogo, hakuna wa kukuambia. Jicho la mtu linazoea. Anayefanya kazi hapo anadhani picha ndiyo yenye kivuli, anaiongezea mwanga, na kwenye karatasi mwanga ule wa ziada unatoka wazi, mtu anakuwa gunia la unga. Na kwa kuwa Tabasamu anapanga watu wake vilevile siku zote, aliyeumia ni upande wa bwana harusi siku zote.

Tabasamu alikuna kidevu. Alitaka kuamini, lakini alikuwa bado anaitazama kwa ubavu. "Chumba kina mwanga mwingi wa dirisha," akasema. "Inaweza kuwa kivuli cha pazia."

"Basi lete ule weusi wako."

Nao ulikuwa kile kitambaa cheusi kizito, chenye mwamba wa mti juu, kinachotundikwa nyuma ya watu wanaopigwa picha za heshima. Jicho akakivuta, akajifunika yeye na skrini, mchana ukabaki nje. Humo ndani mambo yalikuwa peupe zaidi ya peupe: nusu moja inang'aa mpaka inachoma, nusu nyingine imesinzia. "Ingia!" akaita. Tabasamu akaingia kwa kichwa. Ikasikika sauti kama ya mtu aliyekanyagwa.

"Lo! Lo, Jicho! Kumbe!"

"Ngoja." Akafungua picha ya harusi, akawasha tochi ya simu na kuimulika kwa kando ile nusu iliyosinzia. Palipokuwa na utusitusi pakapata uhai kidogo, na nyuso za upande wa bwana zikajitokeza. "Unaona? Picha yao ipo, nzima. Kilichokosekana ni taa ya nyuma."

"Sogeeni," ikasema sauti, na kitambaa kikainuliwa, na shangazi naye akaingia na mkoba wake na manukato yake. Wakawa vichwa vitatu gizani, wanabanana kama vifaranga. Shangazi akatazama nusu ya wakwe, akatazama nusu ya kwao.

"Kwa hiyo," akasema, "aliyehongwa ni kioo."

Humo ndani walicheka mpaka kitambaa kikawaangukia na mwamba wake. Tabasamu alitoka na chozi, akasema la kicheko, hakuna aliyemwamini. Alisimama mbele ya Jicho, na safari hii hakukohoa.

"Dada, nilitaka kukutoa kwenye kiti chako."

"Ulitaka."

"Nisamehe. Nilipaswa kutoa kioo."

"Kitoe sasa," akasema Jicho. "Niletee kile cha kaunta."

Wakaileta ile skrini ndogo ya kaunta, wakaunganisha nyaya. Jicho aliketi. Akafungua ukurasa mweupe kwanza, akautazama kona kwa kona kwa raha zake, bila haraka, kama mtu anayekagua shuka kabla ya kutandika. Kisha akafungua picha aliyokuwa ameisafisha jana, na hapo akaona alichoona shangazi: pipa zima la chokaa. Akajicheka. Akaufuta ule mwanga wote wa bure, akarudi kwenye picha kama ilivyotoka kwenye kamera, akaanza upya. Mikono ilikwenda yenyewe. Baba wa bwana harusi akapata mvi zake za fedha. Bwana harusi akapata jasho la paji la uso, lile la mtu aliyesubiri bibi harusi tangu asubuhi. Na shangazi, pale mwisho wa safu, akatoka mweusi wa kung'aa, na cheni yake shingoni inamwonea wivu.

Mashine ikachapa. Shangazi aliipokea picha ikiwa bado ina joto, akaiinua mlangoni penye jua.

"Huyu ni mimi," akasema. "Tena uso huu ndio wa baba yangu, Mungu amrehemu. Hebu tazama paji hili." Halafu akamgeukia Jicho. "Nani aliyekupa jina hilo wanalokuita?"

"Watu tu, shangazi."

"Watu wana akili."

Aliondoka amebeba picha mbele ya kifua, uso wa picha umetazama barabara, ili mtaa wote uione kabla ya wakwe.

Jioni Jicho alirudi nyumbani kwa miguu, akiutazama mji kama mtu aliyeazimwa kitu akaambiwa basi chukua moja kwa moja. Alisoma vibao vyote. Alisoma hadi maandishi madogo ya chini ya vibao. Kwenye ukumbi hakugusa ukuta. Alitembea katikati, na visigino alivipiga makusudi, kwa kishindo, mpaka mlango wa chumba cha mama.

Mama yake alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, redio imezimwa. Hakuuliza umefua ngapi.

"Giza liko wapi?" akauliza.

"Limebaki kazini, mama. Nimeligeuza, likahama na kioo. Tumekiweka nje nyuma ya mlango, kimetazama ukuta."

Mama akaitika kwa kichwa, mara moja, mara mbili, halafu bibi yule mwenye mdomo wa wembe akalia. Alilia kwa sauti, mabega yanamtetemeka, mikono inatafuta hewani mpaka Jicho alipoikamata.

"Mama! Si nimekwambia ni la kioo?"

"Nimesikia. Niache nilie, nimengoja tangu jana." Alivuta pumzi. "Nilikuwa nakuuliza maswali ya kijeuri, roho iko mkononi. Nilisema, huyu mtoto sina mali niliyomwachia. Nikasema, isije ikawa nimempa hili."

Jicho akamsogelea. Mama yake akapandisha vidole vyake usoni mwa binti, vikapita kwenye nyusi, vikashuka kwenye kope taratibu, jicho la kulia, kisha la kushoto, vikakaa hapo kwenye la kushoto kwa muda.

"Haya ni ya baba yako," akasema mwishowe, akijifuta kamasi kwa mkono mwingine. "Nimekwambia siku zote. Macho ni ya kwao. Kwangu umechukua mdomo tu."

"Na unanitosha, mama."

"Basi utumie kuniambia hao watu wa harusi walivaa nini. Anza kushoto."

Jicho akavua viatu, akapanda kitandani akaegemea ukuta, akaanza na shangazi.